Sura ya Saba: Aliyempandisha Mashoto

Kufikia Jumamosi asubuhi Mashoto alikuwa akiongoza mashindano ya gofu kwa mapigo matatu, na msichana aliyesifiwa kwa kumtabiri alikuwa ameamkia mahabusu.

Inspekta aliyepewa faili hilo aliitwa Kobe na kituo kizima. Jina alipachikwa na kamanda mmoja wa zamani aliyechoshwa na mwanamke asiyesaini karatasi mpaka aisome mara mbili. Kamanda alikwisha kustaafu, jina likabaki. Kesi kubwa ya mwezi ule, ya wizi wa magari, alikuwa amepewa Chui, aliyeanza kazi miaka sita baada yake. Yeye akatupiwa hii. "Kesi ya mipira midogo," Chui alisema koridoni, na watu wakacheka. Kobe hakucheka.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na feni iliyozunguka kwa manung'uniko. Msichana alikuwa na miaka ishirini na sita. Ofisini kwao walimwita Hesabu. Macho yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi, lakini aliketi wima kama mtu anayesubiri mtihani.

"Nieleze upya," Kobe alisema. "Nieleze kama mtu ambaye hajawahi kushika fimbo ya gofu, kwa sababu sijawahi."

"Baba Mdogo ana kampuni ya ushauri. Wanachama wanatulipa kila mwezi, sisi tunawaambia kwenye mashindano makubwa ni mchezaji gani ana thamani."

"Yaani nani atashinda."

"Hapana, Afande. Hapo ndipo wengi hupotea. Thamani ni tofauti kati ya bei na ukweli. Kampuni ya kubashiri ikisema mchezaji fulani analipa themanini kwa moja, inakwambia kwamba kwa macho yake ana nafasi kama moja katika themanini. Mimi nina rekodi ya kila pigo lake kwa miaka sita. Nikipiga hesabu nikakuta ana nafasi moja katika arobaini, basi wanamuuza nusu bei, na sisi tunanunua. Anaweza kushindwa vilevile. Ila ukinunua vya nusu bei mwaka mzima, mwisho wa mwaka unacheka."

"Na huyu mnayemwita Mashoto?"

"Anacheza kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana. Jumatano asubuhi nilimpa nafasi moja katika mia na kumi. Bei yake ilikuwa themanini. Kwangu alikuwa ghali. Sikumtaka."

Kobe alisukuma karatasi mezani. "Saa kumi alasiri siku hiyohiyo ushauri ulikwenda kwa wanachama elfu moja na mia mbili. Wa kwanza kwenye orodha ni Mashoto."

"Orodha hujitoa yenyewe. Saa kumi kamili kompyuta inasoma jedwali langu na kutuma. Nilipoiona kwenye simu nilidhani macho yana kasoro."

"Hukumwambia mtu."

"Nilimpigia Baba Mdogo, hakupokea. Nikasema nitamwambia asubuhi. Asubuhi mashindano yakaanza, na kufika mchana Mashoto anaongoza. Simu zikaanza kuingia, watu wananipongeza. Baba Mdogo akanikumbatia mbele ya wageni." Aliangalia vidole vyake. "Nikanyamaza. Siku nzima. Ijumaa ndipo nikaketi nifungue jedwali nitafute kilichotokea, na kabla sijalifungua nyinyi mkafika."

Hilo Kobe alikuwa nalo kwenye faili. Kumbukumbu za kompyuta zilionyesha kwamba Jumatano, saa nane na dakika arobaini mchana, visanduku vinane vya jedwali vilibadilishwa kwa mkono, kwenye kompyuta ya ofisini, kwa neno la siri la Hesabu. Mchezaji mmoja alipandishwa, Mashoto. Watatu walishushwa, wote majina makubwa. Na hao watatu wote walikuwa wameanguka kwenye mchujo wa Ijumaa.

"Meneja wa kampuni ya kubashiri anasema mtu hawezi kubahatisha mara nne mfululizo," Kobe alisema. "Anasema wachezaji wale walinunuliwa waharibu, na wewe ulijua."

"Sijabadilisha kitu."

"Saa nane na dakika arobaini ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kula. Kwenye benchi nyuma ya posta. Peke yangu."

"Nani alikuona?"

"Njiwa."

Kobe aliandika: njiwa. "Neno lako la siri ni lipi?"

"Jina la bibi yangu mzaa mama na mwaka aliofariki."

"Nani analijua?"

"Sijamwambia mtu yeyote."

Kobe alilipigia mstari jibu hilo, maana halikuwa jibu la swali lake.

"Afande," Hesabu alisema inspekta alipoinuka, "nje huko wananiita kipaji. Ningesema ndiyo, ni mimi niliyeona, pengine mambo yangekuwa mepesi. Nakwambia sijui. Mpaka sasa sielewi kwa nini yule mtu anaongoza."

Mapokezini alisimama mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye kofia ya jua iliyofifia ukingoni. Alikuwa anapokea chombo cha chakula kilichorudishwa. Koplo wa zamu alisema kwamba huyo ni mama mdogo wa mahabusu, mke wa mwenye kampuni, na kwamba alikuja jana jioni na leo tena asubuhi.

"Amekula?" mwanamke alimwuliza Kobe.

"Kidogo, Mama."

"Ndivyo alivyo tangu mtoto. Nimemlea tangu ana miaka tisa, dada yangu alipofariki." Alikaza mfuniko wa chombo. "Na bado wanasema ni yeye aliyeona?"

"Akina nani wanasema?"

"Watu. Redioni."

"Ndiyo, bado wanasema."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Kobe alimwangalia mpaka alipovuka barabara.

*

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Chini mlinzi alikuwa na daftari la wageni. Jumatano mchana lilikuwa na jina moja tu: la mzee aliyejulikana kama Fimbo, aliyeingia saa nane na robo na kutoka saa tisa.

Mwenye kampuni alikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya biashara, na watu waliendelea kumwita Mwalimu. Alimpokea Kobe akiwa na shati lisilopigwa pasi. Ukutani, juu ya kiti kitupu cha Hesabu, palining'inizwa chati kubwa ya rangi iliyotiwa fremu ya dhahabu.

"Kazi yake," Mwalimu alisema. "Mwezi wa pili. Nilipoiona nilisema, huyu ndiye atakayenirithi."

"Jumatano saa nane na dakika arobaini wewe ulikuwa wapi?"

"Chumba kile. Mlango umefungwa, simu sikioni. Watu wa benki."

Kobe alikwisha kupata orodha ya simu zake. Kuanzia saa nane na dakika kumi, dakika hamsini na tano bila kukatika. Alitandaza karatasi mbili mezani, jedwali la asubuhi na jedwali la alasiri, akaweka kidole kwenye safu iliyoandikwa upepo.

"Namba hizi ni nini?"

"Ni mapigo. Upepo ukivuma, mchezaji huyu anapata au anapoteza kiasi gani kwa raundi. Ile safu ya pili ni nyasi, vilevile."

"Asubuhi Mashoto ana sifuri nukta moja nane nne. Alasiri ana nukta saba tano. Huyu hapa aliyeshushwa alikuwa na nukta tatu moja mbili, akapewa hasi nukta tano. Huyu mwingine hasi nukta mbili tano." Kobe aliinua macho. "Visanduku vinane, na vyote ni robo, nusu, au robo tatu. Kwa nini?"

"Kompyuta haijali, Afande."

"Mimi najali. Hesabu huandika tarakimu ngapi?"

"Tatu. Siku zote. Ukimtuma sokoni anakuletea bei ya nyanya kwa tarakimu tatu." Mwalimu alitaka kucheka, ikashindikana. Aliketi. "Umwulize Fimbo. Alikuwa hapa siku hiyo. Kabla ya binti yangu kuja, yeye ndiye aliyekuwa ananiambia mchezaji gani yuko vizuri. Sasa simtumii sana. Ana kinyongo, hata kipofu anakiona."

*

Fimbo alikuwa kedi kwa miaka arobaini, mbeba fimbo wa matajiri, na bado alishinda kwenye banda la nyuma la klabu akisugua vyuma vya watu kwa kitambaa chenye mafuta. Hakusimama Kobe alipoingia, ila alimsogezea kreti akae.

"Nimekutarajia tangu jana," alisema. "Nikajua Mwalimu atanitaja."

"Jumatano ulikwenda kufanya nini ofisini?"

"Kudai heshima yangu. Nilipanda ngazi zile na goti hili bovu. Nikamkuta amejifungia na simu. Nikakaa kwenye benchi la koridoni nikingoja. Nikachoka, nikaondoka."

"Uliingia chumba cha kompyuta?"

"Nikafanye nini? Niongee na televisheni ile?"

"Unamwonea wivu Hesabu."

Mzee aliweka chuma chini. "Mjukuu wangu, nikikwambia hapana utanidharau. Mtoto yule hajawahi kukanyaga nyasi kwa viatu vyenye miiba. Mimi nimekanyaga mpaka kucha zikatoka. Nikisema kitu, Mwalimu ananiambia, Mzee, lete ushahidi. Yeye akisema kitu, kinatiwa fremu. Naona gere, ndiyo. Gere si uhalifu."

"Mashoto unamwonaje?"

"Takataka."

"Anaongoza kwa mapigo matatu."

"Ataanguka leo. Asipoanguka leo ataanguka kesho. Mtu anazungusha mpira kama anafukuza nyuki." Alichomoa kikaratasi mfukoni, kimekunjwa mara nne. "Hawa ndio niliowawekea pesa mimi. Nilikata tiketi hii Jumatano jioni."

Kobe alikikunjua. Kilikuwa na majina mawili. Yote mawili yalikuwa miongoni mwa wale watatu walioshushwa kwenye jedwali, walioaga mashindano Ijumaa.

Mtu aliyewashusha wachezaji saa nane hawezi kwenda jioni kuwawekea pesa yake mwenyewe. Kobe alimrudishia kikaratasi.

"Ulipokuwa koridoni, alipita nani?"

"Nilikuwa nasinzia, mjukuu wangu. Goti linauma, usingizi unakuja. Nilisikia hatua za mwanamke. Nikadhani ni yule binti amerudi."

Kobe alirudi kwa miguu mpaka duka la rangi. Mlinzi alikuwa anakunywa maji.

"Daftari lako," alimwambia. "Nani huingia bila kuandikwa?"

"Wafanyakazi, Afande. Na watu wa nyumbani kwa bosi. Mke wa bosi nimwandike kama mgeni? Nitapoteza kazi."

"Jumatano alikuja?"

Mlinzi alifikiri. "Alileta miwani ya Mwalimu. Alikaa kama nusu saa hivi."

Kobe aliandika kila neno, akamsomea, akamtaka aweke saini. Kisha akakaa kwenye ngazi na kuisoma mara ya pili. Alikuwa na hatua za mwanamke na nusu saa. Neno la siri lilikuwa jina la bibi, na bibi huyo wa Hesabu alikuwa mama mzazi wa mke wa Mwalimu. Yote hayo yangetosha kwa umbea. Kwa mwendesha mashtaka hayakutosha. Mwanamke angeweza kukaa nusu saa akingoja mumewe amalize simu, kama Fimbo. Na swali kubwa lilikuwa palepale: kwa nini mtu abadilishe jedwali ili lipatie?

*

Jumapili asubuhi Mashoto alikuwa bado anaongoza, sasa kwa mapigo mawili. Mwalimu alikuwa kwa wakili tangu mapema. Mke wake alimkaribisha Kobe sebuleni, akaleta chai, akaketi kiti cha mbele yake na mikono mapajani.

"Nimekuja kwa jambo dogo, Mama," Kobe alisema. "Faili linahitaji maelezo ya tabia ya binti. Wewe ndiye uliyemlea."

"Ni mtoto mzuri. Anapenda kusoma."

"Hilo tumeliona. Meneja wa kampuni ya kubashiri, aliyemshtaki, amekiri kwamba hajaona kichwa cha namna hiyo tangu aanze kazi."

"Mm."

"Mwalimu amenionyesha chati yake. Amesema atamrithi."

"Amesema hivyo?"

"Alisema hivyo siku alipoiona." Kobe alikoroga chai isiyo na sukari. "Mimi gofu siijui, lakini hata mimi nimestaajabu. Watu wenye uzoefu wa miaka arobaini wamekosa, yeye kakaa na kompyuta yake akaona kwamba upepo utakuwa mkali."

"Ukali sio hoja," mwanamke alisema.

"Samahani?"

"Upepo mkali unawapiga wote. Kiwanja kile kimechezewa mashindano haya mara nne. Mashimo sita ya mwisho upepo unatoka upande mmoja tu, ule unaomuumiza mwenye mkono wa kulia akipiga mpira juu. Mwenye mkono wa kushoto mpira wake unapinda kinyume. Kwake upepo uleule ni kama mtu anayemshika mkono." Alisema haya yote kwa sauti ya chini, ya haraka. "Kompyuta ile inahesabu kasi ya upepo. Haihesabu upepo unatoka wapi."

"Basi binti aliligundua hilo."

"Yeye?"

"Ndivyo inavyoonekana kwenye jedwali. Wale watatu aliwapunguzia nusu pigo kila mmoja, na ikawa vilevile. Nusu, nusu, nusu. Ni ufundi wa ajabu."

"Sio nusu wote. Yule wa pili ni robo tu, kwa sababu anajua kupiga chini akitaka."

Jirani alikuwa anafagia ua, ufagio ukisikika vizuri kabisa.

Kobe aliweka kikombe chini. "Jedwali lile, Mama, wameliona watu wanne. Mimi, mtaalamu wetu wa kompyuta, mume wako jana mchana, na aliyelibadilisha. Mume wako nilimwomba asimwambie mtu, nawe jana usiku hukuzungumza naye. Aliniambia kwa simu asubuhi hii kwamba alilala ofisini."

Mwanamke alinyoosha pindo la nguo yake.

"Robo tu kwa yule wa pili," Kobe alisema. "Nani alikwambia?"

"Unaona sasa," mwanamke alisema hatimaye. Alikuwa anaitazama chai ya mgeni. "Ulinijia kwa kumsifu."

"Ndiyo."

"Ulijuaje kwamba nitashindwa kuvumilia?"

"Jana hukuuliza atatoka lini. Uliuliza kama bado wanasema ni yeye aliyeona."

Mwanamke alisimama. Kobe naye akasimama, lakini yule alikwenda tu kwenye kabati la vyombo, akafungua mlango wa chini, akatoa mzigo uliofungwa kwa nailoni. Ndani mlikuwa na daftari za jalada gumu, zaidi ya thelathini.

"Nilikuwa karani wa mapigo pale klabuni kwa miaka kumi na tisa," alisema. "Nilikaa juani na penseli. Nilirekodi kila mtu, na bendera ilikuwa inaelekea wapi alipopiga. Mashindano makubwa niliyarekodi kwa televisheni. Mwalimu alipoacha kufundisha akasema, mke wangu, hizi daftari ni mtaji. Kampuni ilianzia kwenye meza ya jikoni, mimi nasoma, yeye anahesabu. Kisha mtoto akamaliza chuo."

"Hesabu."

"Miezi mitatu nilikaa naye nikimwingizia namba za daftari zangu kwenye kompyuta. Yeye ndiye aliyenifundisha kubonyeza. Nilipomaliza daftari la mwisho akanibusu shavuni, akasema, Mama Mdogo, sasa pumzika." Alivuta pumzi. "Nikapumzika. Mwezi wa pili nilimwambia mume wangu, tukiwa jikoni, upepo una upande, kompyuta yenu haijui. Akasema tutaangalia. Hakuangalia. Wiki hiyohiyo mtoto akamletea ile picha ya rangi, akaitia fremu."

"Na neno la siri?"

"Nilijaribu jina la mama yangu na mwaka aliofariki. Lilifunguka mara ya kwanza."

"Ulitaka nini, Mama? Ulitaka aaibike?"

"Ningetaka aaibike ningempandisha mbovu. Nilitaka Mashoto afanye vizuri, halafu Jumapili jioni nifungue daftari mbele yao wote wawili niwaonyeshe ni mimi." Alicheka kidogo, bila furaha. "Alhamisi Mashoto akaongoza. Simu zikaja, zote za mtoto. Mume wangu akamkumbatia. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe. Kazi yangu, mkono wangu, na pete anavishwa mwingine."

"Na Ijumaa akakamatwa."

"Ijumaa akakamatwa."

"Ungeweza kuja kituoni siku hiyohiyo. Ulikuja. Uliniletea swali na chombo cha chakula."

Mwanamke alikaa tena. "Kila nilipokuja nilisema leo nitasema. Nikifika pale koplo ananiambia, Mama, binti yako ni kipaji cha taifa. Maneno yananirudi kooni. Nitakwambia ukweli, Afande, uandike. Usiku wa kwanza aliolala kwenu, mimi nililala vizuri. Sikuwa nimelala hivyo tangu mwezi wa pili."

Kobe alitoa kalamu. "Niandike sababu gani?"

"Andika wivu. Usitafute neno la kulipamba."

*

Kazi iliyobaki ilikuwa ya karatasi, na Kobe hakuiharakisha. Mtaalamu wa kompyuta alithibitisha visanduku vyote vinane kutoka kwenye ukurasa wa daftari wenye tarehe ya mwaka uliopita. Robo kwa robo, vililingana. Meneja wa kampuni ya kubashiri aliitwa, akasoma ukurasa ule akiwa amesimama, akauliza kama daftari hizo zinauzwa. Aliambiwa ni vielelezo. Kwa simu, mwendesha mashtaka alikubali kwamba hapakuwa na mchezo uliopangwa. Kosa lililobaki lilikuwa la kuingia kwenye mfumo wa mtu kwa neno la siri la mwingine, na hilo lingetegemea walalamikaji.

Saa kumi na moja jioni redio ya mapokezini ilitangaza kwamba Mashoto ameshinda kwa pigo moja. Kwa mara ya kwanza katika siku mbili Chui alipita bila kusema kitu.

Mwalimu alisoma maelezo ya mke wake kwenye ofisi ya Kobe, akageuza karatasi kana kwamba nyuma kungekuwa na maelezo mengine.

"Kwa nini hukuniambia?" alimwuliza.

"Nilikwambia."

"Lini?"

Mwalimu alikunja uso akitafuta siku hiyo, na ilikuwa wazi kwa wote waliokuwa chumbani kwamba hakuipata.

"Mimi ndiye mwenye mfumo," alimwambia Kobe. "Silalamiki."

"Aliyelala chini siku mbili sio wewe."

Hesabu aliletwa kutoka mahabusu. Alisimama mlangoni akiwa ameshika kandambili mkononi. Kobe alimpa maelezo ayasome. Aliyasoma polepole, na alipofika ukurasa wa pili, penye upande wa upepo, alirudi nyuma na kuusoma tena. Midomo ilikuwa inatembea. Alikuwa anapiga hesabu.

"Ni kweli," alisema, kama mtu anayejisemea mwenyewe. "Ni kweli kabisa. Sikuuweka."

"Mwanangu," mama yake mdogo alisema.

Msichana alikunja karatasi vizuri, akairudisha mezani. "Chakula ulikuwa unakileta mwenyewe," alisema. "Jana mchana uliporudi ulikaa ukaniangalia nikila."

"Nilikaa."

"Uliniuliza kama kina chumvi ya kutosha."

Hesabu alimgeukia Kobe. "Silalamiki," alisema. "Niende?"

Alisaini, akavaa kandambili, akatoka. Mwalimu alimfuata, na mke wake nyuma yao, kwa dhamana mpaka faili lifungwe, kofia mkononi. Nje ya lango mwandishi wa redio alikuwa anangoja tangu mashindano yaishe. Alimkimbilia msichana akiwa amenyoosha kipaza sauti.

"Dada, pole kwa yaliyokukuta. Mashoto ameshinda, na kila mtu anauliza swali moja. Ulijuaje?"

Hesabu alisimama. Siku mbili mfululizo, mbele ya meza ile na feni ile, alikuwa amejibu swali hilo kwa neno moja: sijui. Sasa aligeuza shingo, akamtazama mama yake mdogo, ambaye alikuwa amesimama hatua tatu nyuma. Mwanamke aliinua kidevu kidogo, kama mtu anayesikia orodha inasomwa na jina lake linakaribia.

"Watu wengi huhesabu kasi ya upepo," Hesabu alisema kwenye kipaza sauti, "wakasahau kwamba upepo una upande. Mimi niliangalia upande."

Mwalimu alitazama viatu vyake. Mke wake alishusha kidevu, na kofia ikakunjika katikati ya mikono yake.

Kobe alikuwa mlangoni na faili kwapani. Alimsikia mwandishi akimwomba msichana arudie, taratibu, ili asipoteze hata neno moja.

Hesabu akarudia.